Kisu Kilichogeuzwa Unyoya

Ofisini kwetu hakuna mtu anayekufa. Nimekaa miaka miwili na nusu kwenye meza iliyo jirani na mlango wa choo, nikihariri hadithi za watoto, na katika muda wote huo sijaruhusu kifo hata kimoja kipite. Babu yake sungura alihamia mahali penye upepo mzuri. Mbuzi aliyeliwa na fisi alialikwa chakula cha mchana. Fisi mwenyewe haitwi fisi, maana jina hilo linachafua moyo wa mtoto. Anaitwa mnyama mwenye kicheko.

Haya sikuyazua mimi. Yameandikwa. Ukutani, juu ya birika la chai, kuna orodha iliyopigwa chapa na kufunikwa nailoni ili mvuke usiiharibu. Usiandike mama wa kambo, andika mama wa nyongeza. Usiandike mchawi, andika mtaalamu wa mitishamba. Usiandike njaa, andika hamu ya kula. Maneno yako themanini na tisa, na aliyeyatunga ni mkurugenzi wetu, mwanamke mwenye sauti ya kubembeleza ambaye hatujawahi kumsikia akimfokea mtu. Akitaka kukufukuza kazi hukuletea biskuti. Asipokuwepo tunamwita Mama Upole. Chini ya neno la themanini na tisa mtu ameongeza kwa penseli: Usiandike hadithi, andika usingizi. Sote tunaijua ile penseli. Ni ya Mchoraji. Hakuna aliyemchongea.

Kila muswada wetu hupitia Kipimo cha Utulivu. Wazazi watano huketi chumba cha mikutano, husoma kimyakimya, na penye jambo la kushtua hubandika kidoto chekundu cha karatasi. Vidoto vikizidi vitatu, muswada unarudi mezani kwangu kama mgonjwa wa tetekuwanga. Watoto hawaalikwi. Waliwahi kualikwa mara moja, kabla sijaajiriwa, wakasomewa hadithi ya zimwi linalouza maua, kisha wakaulizwa maoni yao. Mmoja akanyoosha mkono akauliza, "Linakula saa ngapi?" Ikaamuliwa kwamba maoni ya watoto yanavuruga utafiti.

Mimi si mtu wa kubisha. Nikikatwa kauli kwenye kikao huwa nafurahi, maana nimepunguziwa kazi ya kuongea. Basi nililainisha nilichopewa, na nisijishushe, nililainisha vizuri. Kosa langu lilikuwa kuleta hadithi ninayoipenda.

Nilisimuliwa na bibi, mama yake mama, mimi na dada yangu tukiwa tumebanana naye kitanda kimoja. Zimwi linakuja kijijini na kumeza kila mtu, na ng'ombe, na vinu. Anabaki binti mmoja aliyefichwa ndani ya mtungi. Binti ananoa kisu. Linalofuata unaweza kulikisia. Mchoraji aliipenda hadithi hiyo hata akasahau kwenda kula siku tatu. Kwetu picha hutangulia na maneno hufuata, kwa sababu picha ndizo zinazochukua muda. Kwa hiyo Mama Upole alipokuja kuisoma kwa makini, picha kumi na mbili zilikuwa zimekwisha, rangi imekauka, na katika tano kati ya hizo binti alikuwa ameshika kisu kirefu kuliko mkono wake.

Alituita ofisini. Kulikuwa na biskuti mezani.

"Wanangu," alianza. Akituita wanangu tunajua kuna msiba. "Picha nzuri sana. Macho, vumbi, yale meno. Nimezipenda zote. Ila hiki ni nini?"

"Kisu, mama," Mchoraji akasema.

"Nakiona. Kinafanya nini?"

"Kinakata."

"Sawa, baba, kinakata. Lakini ndani ya moyo wa mtoto, kinafanya nini?"

Mchoraji alinitazama. Mimi nilitazama biskuti.

"Sirudii picha kumi na mbili," akasema. "Labda mnitafutie mkono mwingine."

"Nani kakwambia urudie? Badilisha hicho kitu tu. Weka kitu laini chenye umbo hilohilo."

"Kitu laini chenye umbo la kisu."

"Unyoya," akasema Mama Upole, akatabasamu kama mtu aliyepata nambari ya bahati nasibu. "Bado mrefu, bado mwembamba. Na wewe, binti yangu, utayapanga maneno yafuate."

Nikayapanga. Penye picha ya zimwi limeachama, meno nje kama uzio, niliandika kwamba Bwana Zimwi alikuwa amefurahi kuona wageni. Penye watu wanaingia kinywani kichwa mbele, niliandika kwamba wanakijiji walikwenda kumtembelea. Na penye ile picha kubwa ya kurasa mbili, binti amesimama juu ya tumbo lililopasuka na watu wanamiminika nje na ng'ombe wao, niliandika: "Binti akamtekenya Bwana Zimwi kwa unyoya. Bwana Zimwi akacheka, akacheka, mpaka tumbo likafunguka kama mlango, na wageni wote wakatoka wakiaga." Vidoto vyekundu: sifuri. Mama Upole aliniletea biskuti, nikatetemeka, kumbe safari hii zilikuwa za kunipongeza.

Kitabu kikapendwa. Wazazi walisema kinatuliza. Halafu Mama Upole akapata wazo kwamba, kwa kuwa kuna tumbo linafunguka bila mtu kuumia, kingefaa sana wodi za watoto, na tukagawa makasha mawili hospitali kuu.

Sasa niseme habari za Waziri.

Waziri ni mtoto wa dada yangu, ana miaka sita. Jina hilo tulimpa kwa sababu hukagua. Akija kwako hufungua kabati, anauliza kwa nini una vikombe vitano na uko peke yako. Dada yangu ni mshonaji, na Waziri amekulia chini ya meza ya cherehani, akiokota vitambaa na kutoa maagizo. Tangu azaliwe ana ngiri ya kitovu: kitovu kimetokeza nje kama ndimu. Madaktari walisema tusubiri, huenda kikarudi chenyewe. Hakikurudi. Mwezi uliopita kilikwama, kikawa kigumu, akatapika mchana kutwa. Daktari alikirudisha ndani kwa mkono na kusema kikikwama tena huenda mkono usitoshe. Akapangiwa siku ya kupasuliwa. Akikosa siku hiyo, foleni ilikuwa ya miezi minne.

Dada alitafuta namna ya kumwambia. Akaipata kwenye kitabu changu.

"Daktari atakutekenya tumbo kwa unyoya," nilimsikia akimwambia, nimeketi palepale na kikombe mkononi. "Utacheka, utalala, ukiamka kitovu kimeingia ndani chenyewe."

"Kama Bwana Zimwi?"

"Kama Bwana Zimwi. Si ndiyo, Mama Mdogo?"

Wote wawili walinigeukia. Nikanywa chai. Chai ikawa ndefu.

Siku yenyewe niliomba ruhusa ya asubuhi. Mama Upole aliitoa kwa moyo mkunjufu, na sharti moja dogo: kwa kuwa nakwenda wodi ileile tuliyopeleka vitabu, nimletee sentensi moja ya mtoto mgonjwa, ya kuweka nyuma ya jalada la toleo la pili. "Fupi," alisema. "Ya kicheko. Na picha, kama ana meno yote."

Sijafika hata lango la hospitali, dada akapiga simu.

"Uko wapi? Njoo haraka. Ameingia chini ya kitanda, hatoki."

"Nani?"

"Waziri wenu wa serikali! Nani mwingine?"

Wodi ilikuwa ndefu, vitanda kumi na viwili, sakafu imepigwa deki ikanuka dawa. Dada alikuwa amepiga magoti kando ya kitanda cha tano, kanga imemteleza mabegani, anaongea na sakafu. Kitanda cha sita alilala msichana wa kama miaka kumi, mguu umefungwa plasta mpaka pajani. Alikuwa na wiki saba pale, na wauguzi walimwita Mwenyeji. Kwenye kila meza ya kitanda kilisimama kitabu changu, safi, kimeelekezwa mlangoni. Sijawahi kuona vitabu vinavyonitazama vile.

Nilichopaswa kujua nilikijua kwa dakika moja, maana Mwenyeji alikuwa anasubiri mtu wa kumsimulia.

"Mimi sikumfanya kitu," alisema. "Aliniambia atatekenywa na unyoya. Nikamwambia, mdogo wangu, hapa wanatumia kisu. Akasema naongopa. Sasa mimi nifanyeje? Nikamwonyesha." Akainua gauni akanionyesha kovu la nyonga, refu, lenye alama za nyuzi pande zote mbili kama reli. "Akasema mama yake kasema unyoya. Nikamwambia basi mama yako ndiye anaongopa."

"Ulikuwa na haja gani ya kusema hivyo?" dada akamgeukia.

"Si aliuliza!"

Muuguzi alipita na fomu mkononi. "Mama, yeye ni wa pili leo. Wa kwanza anakaribia kutoka. Kama hataki, tunaweza kumbeba tu, si wa kwanza kubebwa. Ila akirusha miguu hivyo na lile tumbo lake, mimi sipendi. Na daktari hatasubiri."

"Atatoka," dada alisema. Kisha kwa sauti ya asali iliyopasuka katikati, "Mwanangu, toka. Daktari ana zawadi."

Dada akainama zaidi.

"Toka tu umwone. Hakuna kisu. Yule dada alikuwa anakutania."

"Nyamaza, mama," ilisema sauti ya chini ya kitanda, taratibu, bila hasira yoyote. "Wewe sikusikii tena."

Dada yangu ni mtu wa maneno mengi. Anaweza kugombana na mteja, na redio, na mvua. Safari hii alikaa chini palepale sakafuni, mikono mapajani.

Nilikuwa nimevaa sketi ya ofisini. Nikalala chali, nikajisukuma kwa visigino mpaka nikaingia chini ya kitanda. Humo kulikuwa na vumbi, kandambili moja, na Waziri, amekumbatia mguu wa kitanda kwa mikono na miguu.

"Waziri."

"Sipo."

"Ni mimi, Mama Mdogo."

"Nakujua. Wewe ndiye umeandika."

Hilo sikulitegemea.

"Jina lako liko mwanzoni, kwa herufi ndogo," akaendelea. "Mama alinionyesha. Daktari ana kisu au ana unyoya?"

Niseme kweli, orodha nzima ya pale juu ya birika ilinipita kichwani. Kifaa chembamba. Msaada wa chuma. Rafiki mwenye makali. Miaka miwili na nusu ya ufundi ilisimama tayari kunihudumia.

"Ana kisu," nikasema. "Kidogo. Kikali sana."

Aliutazama uso wangu kwa muda. Nje niliona vidole vya miguu vya dada vikijikunja.

"Kikali ni vizuri," akasema mwishowe. "Mkasi butu unatafuna kitambaa. Kwa nini uliandika uongo?"

"Walisema mkisikia kisu mtaogopa."

"Mimi naogopa sasa hivi."

"Naona."

"Naogopa sana."

"Na mimi."

Simu ikaita mfukoni. Mama Upole. Nikaizima bila kupokea, jambo ambalo sijawahi kulifanya hata nikiwa na homa.

"Hadithi yenyewe ilikuwaje?" Waziri akauliza. "Ile ya kweli."

Nikamsimulia, kwa maneno ya bibi, nimelala chali, natazama nyaya za kitanda. Zimwi lilikuja, wala halikubisha hodi. Lilimeza wa shambani, likameza wa kisimani, likameza bibi harusi na nguo yake. Likameza mbwa, mbwa akaendelea kubweka humohumo. Mama mmoja alimtia binti yake ndani ya mtungi, akamwambia usitoke hata ukinisikia naita. Naye akamezwa, na binti akasikia, na hakutoka.

"Alimsikia mama yake?"

"Alimsikia."

"Alilia?"

"Alilia ndani ya mtungi, na mtungi ukamrudishia sauti."

Waziri aliachia mguu wa kitanda kwa mkono mmoja, akanishika mkono wa blauzi. Nikaendelea. Binti akatoka kijiji kikiwa kimya. Akakuta kisu cha mama yake jikoni, akakinoa kwenye jiwe la mlangoni, siku saba. Siku ya nane akaliita zimwi kwa jina lake la matusi. Likaja, limeshiba, linaburuta tumbo. Binti akalikata tumbo toka juu mpaka chini, na wakatoka: wa kisimani na ndoo zao, bibi harusi amekasirika, mbwa, na mama yake. Wa mwisho alikuwa mzee mmoja aliyelalamika kwamba kule ndani kulikuwa na joto zuri.

Waziri akacheka. Kicheko kifupi, cha pua. Kitanda cha sita nacho kikacheka. Nikajiona bingwa. Ndipo akauliza.

"Na zimwi?"

Nilipaswa kujua kwamba angefika hapo. Mtu yeyote mwenye akili angejua. Nilikuwa nimemsimulia mtoto anayesubiri kupasuliwa tumbo hadithi ya aliyepasuliwa tumbo, na katika furaha yangu ya kusema kweli sikuwahi kufikiri yeye angesimama upande gani wa kisu.

"Lilifanya nini zimwi?" akarudia.

Uso wa dada ukachungulia kutoka juu, kichwa chini, macho yametoka. "We! Una wazimu?" alininong'oneza. Kisha kwa mtoto, haraka, "Zimwi lilipona, mwanangu. Walilishona, likaenda zake."

"Mama," Waziri akasema. "Si nimekwambia."

Akanigeukia mimi. Mkono bado ulikuwa kwenye blauzi yangu. Nilijua kwamba nikisema walilishona, atatoka chini ya kitanda. Nilijua pia kwamba ataamka baadaye akiwa na kidonda, na hapo atakuwa hana mtu hata mmoja.

"Lilikufa," nikasema.

Dada akafumba macho. Waziri akavuta pumzi ndefu.

"Kwa nini?"

"Kwa sababu..." Bibi hakuwahi kueleza. Hatukumwuliza, sisi tulikuwa upande wa binti. "Kwa sababu aliyelikata hakutaka lipone. Na hakuwa na uzi."

Alifikiri. Mtoto aliyekulia chini ya cherehani akifikiri juu ya uzi, unamwacha afikiri.

"Daktari anataka nipone?"

"Ndiyo maana ameamka asubuhi."

"Na uzi anao?"

"Anao."

"Nataka kuuona."

"Waziri..."

"Nauona kwanza. Halafu natoka."

Nikasikia viatu vya mpira vikija vinapiga sakafu, paa paa paa, vikasimama. "Ni nani huyu ananichelewesha?" ikauliza sauti ya kike iliyochoka tangu jana. Ilikuwa daktari wa upasuaji mwenyewe, kofia ya kitambaa kichwani, barakoa shingoni. Muuguzi alianza kueleza, akaishia njiani, maana jambo lenyewe lilikuwa halielezeki.

"Mtoto anataka kuona uzi," Mwenyeji akamsaidia.

Nilisubiri afoke. Daktari alichuchumaa, magoti yakalia, akatutazama sisi wawili kule chini kama anayechagua viatu.

"Wewe mkubwa ni nani?"

"Mama yake mdogo," nikasema.

"Na unafanya kazi gani, mama mdogo?"

"Vitabu vya watoto."

"Aa," akasema, akatupa jicho juu ya meza ya kitanda. "Vile vya unyoya. Wiki hii watoto watatu wamenikagua mikono wakiutafuta." Akamwambia muuguzi kitu, na muuguzi akaenda, akarudi na pakiti ndogo ya karatasi ya fedha. Daktari akaichana palepale, akavuta sindano iliyopinda kama kucha ya paka, na uzi mwembamba wa zambarau ukining'inia nyuma yake.

Waziri akatoa kichwa. Kichwa tu.

"Sindano imepinda."

"Imepindwa makusudi. Tumboni hakuna nafasi ya kugeuza mkono."

"Unashona mara moja?"

"Hapana. Nashona ndani kwanza, nafunga lile tundu. Halafu juu yake. Halafu ngozi."

"Kama koti lenye bitana," dada akasema, kwa sauti ndogo sana, kama anayejisemea.

Daktari akamtazama. "Hasa. Kama koti lenye bitana."

Waziri hakumgeukia mama yake, lakini mabega yakatoka chini ya kitanda. "Uliowakata wote waliamka?"

Daktari hakujibu upesi. Nikamshukuru kwa hilo.

"Wa ngiri, wote."

"Na wengine?"

"Wengine walikuja wagonjwa sana. Wewe si mgonjwa sana. Wewe ni mbishi sana, hilo halina uzi."

"Itauma?"

"Nikikata, hutasikia chochote, utakuwa umelala. Ukiamka, itauma."

Waziri akatoka. Miguu mwisho, vumbi magotini, kitovu kimesimama chini ya gauni kama kofia. Akanyoosha mkono akagusa ule uzi, akauvuta kidogo kama alivyomwona mama yake akivuta dukani, akaitikia kwa kichwa kwamba umepita. "Mimi nililia," Mwenyeji alimwambia alipokuwa anapandishwa kitanda cha magurudumu. "Ukitaka lia." Akasukumwa. Hakulia. Hakumpungia mama yake mkono pia.

Tulikaa koridoni, mimi na dada, kwenye benchi la chuma lililofungwa ukutani. Ukuta ulikuwa umechorwa twiga anayepiga mswaki. Dada alitazama twiga huyo kwa muda mrefu.

"Umefurahi?" akasema.

"Hapana."

"Miaka miwili unakaa ofisini unatunga uongo. Nakuja kuutumia mara moja, mara moja tu, nawe ndipo unakumbuka kuwa shujaa. Tena chini ya kitanda."

Kila neno lilikuwa la kweli.

"Angeniuliza mimi mwaka jana kama kisu kinakata, ningemwambia kinakata," akaendelea, sasa analia bila kuificha. "Mtoto anacheza na mikasi yangu tangu ana miaka mitatu! Sikuweza tu kusema 'tumbo lako'. Maneno mawili. Nikaona kitabu chako kimesema vizuri, na wewe umesoma chuo, nikasema hawa wanajua."

"Hatujui," nikasema. "Tuna orodha tu."

Simu ikaanza kutetemeka tena. Nilikuwa nimeiwasha kwa ajili ya mama yetu, aliyetaka habari kila dakika tano. Lakini alikuwa Mama Upole. Nikapokea.

"Binti yangu, umepata sentensi?"

"Nimepata."

"Isome."

"'Kwa nini uliandika uongo?'"

Nikamsikia akitafuta neno laini.

"Hiyo haikai vizuri nyuma ya jalada," akasema.

"Inaweza kukaa mbele."

Sijui ilitoka wapi. Masikio yaliniwaka moto. Nikaongeza, haraka kabla woga haujanirudia, kwamba katika toleo la pili naomba kisu kirudi, na kwamba picha za awali Mchoraji amezihifadhi. Akasema ni wazo la kuvutia, tutaliweka kwenye Kipimo cha Utulivu. Akasema nikirudi nipite ofisini kwake, atanunua biskuti. Dada, aliyekuwa amesikia kila kitu, alinipa ncha ya kanga yake nijifute jasho.

Walimtoa baada ya saa moja na dakika kumi. Kila kitu kilikwenda sawa, daktari alisema akipita, na hakusimama. Tulimfuata mpaka kitanda cha tano. Alikuwa amelala midomo wazi, mdogo kuliko alivyoingia, bandeji nyeupe katikati ya tumbo. Mwenyeji alijiinua kwa viwiko aone. Dada alisimama upande wa kichwani, lakini hakumgusa. Aliweka mikono juu ya chuma cha kitanda, kama mteja aliyekatazwa kugusa bidhaa.

Waziri alifumbua macho mchana umekwisha kukolea. Aliangalia dari, akaangalia bandeji, akakunja uso.

"Inauma," akasema.

"Najua," nikasema.

"Inauma sana."

Hakunitazama mimi. Aligeuza kichwa polepole upande wa pili, mpaka macho yakampata mama yake, yakakaa hapo. Midomo yake ilikuwa mikavu.

"Kesho itauma pia?"

Naujua uso wa dada yangu tangu nizaliwe. Nililiona lile "hapana" likipanda kooni, tamu, limeshavaa viatu. Niliona hata tabasamu likianza kulifungulia mlango. Watoto wawili wa vitanda vya mbele waliacha kuongea. Mwenyeji alikuwa haoni haya kabisa; alimkodolea macho.

Dada akaachia chuma cha kitanda.

"Itauma," akasema. "Chini ya leo. Ukikohoa itauma zaidi. Nitakuwa hapa, nitakushikia tumbo ukikohoa."

Waziri alimpima kwa muda, kama anavyopima kila kitu.

"Nishikie sasa," akasema. "Nataka kukohoa."